Mlango wa Nyumba ya Orlane

Buyenzi, tarehe 29 mwezi wa kwanza 2024

Kwa Madamu Spéciose, mwalimu wa watoto wadogo wa materneli kule Kanyosha,

Salamu aleko. Mi njo Uthmani, fundi mbao, bwana ya Fatouma. Niko na miaka sabini na nane. Nimezika wandugu wangu wote wa kiume, nimezika fundi aliyenifundisha na wale wote aliofundisha pamoja na mi. Nimepita vita, kukimbia na kurudi. Nimepita atelie mbili za ufundi zilizoungua. Ile mashine ya kukata mbao iliyokula masikio yangu kwa kelele nayo imekufa mbele yangu, iko chuma tu kwa nyuma ya garaji ya vijana wa mekanike, kuku wanalala humo. Mi bado niko.

Naandika mwenyewe, haiko mutu ananiandikia. Nilisoma kidogo tu, kisha randa ikanichukua. Ukiona herufi kubwa kubwa we vumilia, mukono yangu imezoea kukamata kitu kizito. Simu usinipigie. Mu simu sisikii mutu, nasikia kama mbu. We andika, umupe Libère wa moto, yule wa pikipiki, kila siku anapita kwenu.

Fatouma alirudi soko ya Jabe anasema mumeonana, na umeuliza kama niko na vipande vya mbao vya kutupa, juu watoto wako wanajenga na makopo ya maziwa na makopo yanaviringika. Madamu, fundi kama mi hapatie mutoto kitu ya kutupa. Nitakutengenezea vibao vya kujenga, vya muvula kavu, ile mbao ngumu kuliko zote. Milango ya musikiti yetu nani alitengeneza? Mi. Nusu ya Buyenzi wamezaliwa juu ya kitanda yangu. Vibao vya watoto kwangu ni kama kunywa chai.

Niambie tu vipimo.

Uthmani, fundi

*

Kanyosha, 1 Februari 2024

Mzee wangu Uthmani, amahoro.

Barua yako niliisoma mara ya pili kwa raha tu. Mimi mwenyewe nimekulia Jabe, na kitanda cha mama yangu kilitoka Buyenzi, kwa hiyo huenda nami nimo katika hiyo nusu unayosema.

Vipimo ni hivi. Vyote vitoke kwenye kipimo kimoja: kibao kirefu kiwe sawa na viwili vya kati, na cha kati kiwe sawa na viwili vidogo. Mtoto akikosa kirefu, atajaribu viwili vya kati, ataona vinatosha, na hapo hesabu imeingia bila mimi kufungua mdomo. Kona usizifanye kali. Rangi usipake, maana wadogo kabisa bado wanaonja kila kitu.

(geuza)

Ukivileta, kaa nao kidogo, watafurahi. Ila nakuomba jambo moja: hapa hatuwarekebishii. Mnara ukipinda tunauacha upinde. Ukianguka, uanguke wenyewe, na mtoto atafute mwenyewe kwa nini. Tukiunyoosha au tukiuangusha sisi, anachojifunza ni kutuogopa.

Nina mmoja, Orlane, ana miaka minne. Mvua za mwaka jana korongo lilikula kiwanja chao, nyumba ikateremka usiku. Mama yake amekwenda Rumonge kutafuta kazi, mtoto amebaki kwa bibi. Haongei hata kidogo, ila akijenga. Kila siku anajenga nyumba ileile kwa makopo, na akijenga ananong'ona: hapa mlango, hapa mama analala. Utamjua. Yeye muache tu.

Spéciose

*

Buyenzi, tarehe 10 mwezi wa pili 2024

Madamu Spéciose,

Sasa umeona kazi. Umeona vile vibao vinavyokaa, kimoja juu ya kingine, hata unyoya haipiti katikati. Zamu wenu Jérémie, yule mulinzi wa geti, aliinua gunia akasema, Mzee, hii ni mbao ao ni mawe? Nikamwambia muvula haifanye mizaha.

Na watoto wako wana adabu. Ulipoenda jikoni kuangalia uji, mi nilibaki nao, nikawapa somo kidogo ya ufundi. Wote walinyamaza kimya, wananiangalia. Mi nimefundisha vijana wengi, najua uso ya mutoto anayeshika kitu. Uji ulichelewa, we ulirudi tukiwa tumemaliza, na mi nilikuwa na haraka ya sala ya adhuhuri, njo maana sikuaga muzuri.

Hapa garaji nimewaelezea vijana wa mekanike. Wananiita Profesa sasa. Ukiniandikia neno ya kushukuru nitawasomea.

Uthmani, fundi

*

Kanyosha, 14 Februari 2024

Mzee wangu,

Asante kwa vibao. Ni vizuri kuliko vile nilivyoviona vya dukani mjini, na sikuambii hivyo kukufurahisha. Juzi mmoja wa watoto wakubwa aliziba pengo kwa vidogo vinne, akaja kunivuta sketi nione.

Ila nina swali. Siku ile nilipotoka kwenda jikoni, Orlane alikuwa ameanza nyumba yake kwa vibao vyako, mara ya kwanza bila makopo. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na kuta zote. Niliporudi, vibao vilikuwa vimetawanyika na yeye amekaa pembeni, mgongo ukutani. Nilidhani imeanguka, kama zinavyoanguka kila siku. Tangu hapo havigusi. Makopo pia hayagusi. Na ule mnong'ono umekwisha. Bibi yake amekuja kuniuliza kama nimemchapa.

Wewe ulikuwa humo, Mzee. Ilianguka namna gani?

Spéciose

*

Buyenzi, tarehe 17 mwezi wa pili 2024

Madamu,

Ile nyumba ilianguka juu haikuwa na musingi. Mi ni fundi, nasema vile nilivyoona. Ukuta ya kulia ilikaa juu ya kibao kidogo na ya kushoto juu ya kirefu, nyumba ya hivyo haiwezi simama hata mutu akikohoa. Watoto wa siku hizi wanalia kwa kitu kidogo. Sisi tulipigwa na ubao wa mita, na leo tunasimama.

Nakutumia na Libère mufuko mwingine. Ndani kuko vibao vya duara nusu, vya kufanya madirisha ya juu kama ya musikiti. Hakuna shule ingine Bujumbura mzima iko na hivyo. Mupe huyo mutoto achague wa kwanza, atasahau.

Bibi yake mwambie hakuna mutu aliyemuchapa. Hiyo ni kweli.

Uthmani

*

Kanyosha, 23 Februari 2024

Mzee wangu,

Mfuko nimeupokea. Nimeuweka juu ya kabati, sijaufungua.

Nataka kukuambia mchezo mpya wa darasani. Sikuwafundisha mimi na sikuwauliza kitu. Nilikuwa nimekaa napanga michoro yao, nikainua macho.

Unachezwa na wawili. Mmoja anajenga nyumba. Wa pili anatembea polepole, mikono nyuma, tumbo mbele, anazunguka ile nyumba mara moja. Kisha anaisukuma kwa mguu. Ikishaanguka anasema kwa sauti nene, "Anza tena." Wengine wanacheka, na zamu inapita kwa mwingine. Mchezo wanauita Mzee.

Ningeweza kucheka nami. Ila kuna sehemu nyingine. Kabla mguu haujainuka, yule aliyejenga lazima aseme, "Usivunje, mama amelala." Na yule wa pili anaweka mkono kwenye sikio, hivi, kama mtu asiyesikia. Kisha anapiga. Loïc, mtoto wa jirani yangu, anaiga vizuri kuliko wote. Anakuiga wewe kabisa, Mzee, hata namna unavyovuta pua.

Orlane anawaangalia kutoka ukutani.

Mchezo nimeukataza, lakini wanaucheza uani. Watoto wakijenga ndipo wanaponieleza mambo, hata yale yaliyowashinda kusema. Ndiyo sababu nilivitaka vile vibao.

Nakuomba uje. Sitakupigia kelele.

Spéciose

*

Buyenzi, tarehe 28 mwezi wa pili 2024

Madamu Spéciose,

Barua yako ilinikuta garaji. Vijana walimuona Libère ananipa, wakasema, Profesa, tusomee shukrani zako. Mi tangu mwanzo niliwaambia unanishukuru kila wiki. Basi nikafungua, nikasimama, nikaanza kusoma na sauti kubwa. Mustari wa kwanza ulipita muzuri, mfuko nimeupokea. Ule wa kabati nikauruka. Nikaanza kutunga maneno yangu, macho yangu yanasoma ingine, mudomo inasema ingine. Mi si musomi wa kufanya kazi mbili mara moja. Nilipopotea kabisa nikasoma vile uliandika: anakuiga wewe kabisa, Mzee.

Wakapiga mikono. Wakasema, soma hapo tena. Nikasoma tena.

Sijarudi garaji tangu hiyo siku. Nimemwambia Fatouma ni magoti.

Sasa mi nitakuelezea, si kwa kuomba kitu. Kwetu mu atelie kazi ya mwanafunzi inapimwa na muguu. Fundi anakuja mikono nyuma, anazunguka, anasukuma. Kiti ikisimama, hasemi neno, na ile kunyamaza njo sifa. Ikianguka anasema anza tena, basi. Mi nilianzishwa tena na fundi wangu mpaka nikachukia jua ikitoka. Halafu siku moja alisukuma kiti yangu, ikabaki. Alienda zake bila kusema kitu na mi nilikuwa mufalme. Hivyo njo nilijifunza, hivyo njo nilifundisha. Nilifikiri ninamupa mutoto kitu kizuri. Karatasi yako ya vipimo nilisoma upande wa mbele tu. Nilipofika pa kugeuza nilisema vipimo nimeshapata.

Lakini kuko kitu ingine na naandika mara moja, usiniulize tena. Masikio yangu mabovu, kila mutu anajua. Mi sikusikia alisema nini. Ila nilimuona. Mudomo wake ulicheza na aliniangalia usoni. Mutu asiyesikia anapaswa kuinama aulize. Mi nilifanya na mukono hivi kwa sikio, kama vile nawafanyia wateja wanaosumbua, halafu nikapiga. Na nilipoona anaenda ukutani nilijua. Nilienda sala nikiwa najua. Nilikuandikia zile barua mbili nikiwa najua.

We unataka nije kuomba mutoto wa miaka mine musamaha. Madamu, mi sijawahi kuomba mutu mwenye ndevu. Hata Fatouma sijamuomba, namununulia tu samaki.

Nitakuja. Lakini we utoke. Ukae jikoni na uji wako kama siku ile. Sitaki mukubwa yeyote aone. Na Fatouma asijue.

Uthmani

*

Kanyosha, 1 Machi 2024

Mzee wangu,

Njoo Jumatatu asubuhi, kabla ya uji. Nitakuwa jikoni na sitachungulia. Jérémie atakufungulia.

Fatouma nilimwona Jabe, akaniuliza magoti yako yanahusiana nini na shule. Nikamwambia bei ya dagaa imepanda.

Orlane simlazimishi kitu. Akikugeuzia mgongo mpaka saa sita, utakuwa umekuja bure, na utakuwa umekuja. Na ukiona neno halitoki, jenga. Wao wenyewe hufanya hivyo.

Spéciose

*

Buyenzi, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Madamu Spéciose,

Juzi ulipotoka jikoni mi nilikuwa nimeshapanda moto ya Libère. Sikutaka unitazame. Sasa naandika yote, juu we ni mwalimu wake na unapaswa kujua, na sitaki usikie kwa Loïc ile ya kuongeza chumvi.

Nilipoingia watoto wote walisimama wima kama askari. Hiyo peke yake ilinichoma. Nilitoka nyumbani na maneno niliyotayarisha njiani, muzuri kabisa, ya kiume. Yalipotea kwa mulango. Basi nikakaa chini. Tangu lini mi sijakaa chini kwa sementi, sikumbuki. Magoti yalilia, hiyo hata mi nilisikia.

Nikaanza kujenga. Nilijenga nyumba kama fundi anavyojenga, Madamu, sitasema uongo hata leo. Musingi wa virefu, kuta za kati, kona zimeshikana. Walikuja mumoja mumoja kuangalia. Nilipomaliza nikamuangalia Orlane kule ukutani, nikamwambia, kuja upime. Hakukuja. Nikangoja. Nikaweka mikono yangu nyuma, hivi nimekaa, kumuonyesha nakumbuka.

Alikuja polepole. Mikono nyuma. Alizunguka. Kisha akapiga.

Ile nyumba iliruka, Madamu. Kibao kimoja kilinipiga hapa kwa mufupa wa muguu. Na hapo njo nikafahamu kitu ambacho miaka yangu yote haikunifundisha: hakuna fundi duniani anaweza simamisha ile nyumba mbele ya muguu. Haina musumari, haina gundi. Hata ya kwangu. Ile kipimo yangu ilikuwa uongo toka mwanzo. Nilimupima na kitu ambacho mi mwenyewe siwezi.

Aliniangalia. Hakusema anza tena. Loïc njo alisema kwa niaba yake, na ile sauti yangu nene. Nikaanza tena.

Alivunja tena. Nikaanza tena. Watoto wengine walichoka wakaenda kucheza yao. Yeye hakuchoka, ana kichwa kigumu kama changu. Jasho ilinitoka, kofia nilivua. Nilijenga ndogo, nilijenga kubwa, akavunja zote. Kuvunja ilikuwa haki yake.

Halafu mara moja nilipoweka mulango, muguu yake haikuinuka. Alichuchumaa tu, anaangalia mulango. Mudomo ukacheza. Na mi, Madamu, niliinama. Niliinama mpaka kofia yangu iliyokuwa chini nikailalia na paji langu likagusa vibao, nikaweka sikio yangu ya kushoto, ile yenye uhai kidogo, karibu na mudomo yake. Nikamwambia, sema tena, mutoto wangu, babu alikuwa hasikie.

Akasema, apana, mulango haiko hapo.

Nikauliza, iko wapi? Akaukamata, akaupeleka upande mwingine, kule kwa dirisha ya darasa. Akasema mama akitoka barabarani anaona hapa.

Mi, fundi wa milango ya musikiti, nimeambiwa mulango wangu uko mahali mubaya. Na ulikuwa mahali mubaya. Nikapindua nyumba yote kuufuata ule mulango. Kuta akaziweka yeye, ya kulia ilikaa juu ya kibao kidogo na ya kushoto juu ya kirefu, kama siku ile. Mukono yangu ilitaka kunyoosha. Niliikalia.

Kuko neno nilimwambia hapo, mu sikio yake. Hilo siandike. Ni yake. Kama siku moja atakuambia, sawa.

Ule mufuko wa kabati ufungue tu, si kwa kumunyamazisha mutu. Chukueni vile vya duara nusu mufanye munachotaka. Na ukigeuza karatasi siku ingine, andika kwa upande wa mbele yale ya maana, juu kuko wazee wavivu.

Garaji nitarudi kesho. Nitawaambia ile barua haikuwa ya shukrani. Bado sijui nitaanza na neno gani, labda nitawaomba kwanza wazime mashine.

Fatouma nilimwambia jana. Aliniletea tu maji moto ya magoti, na hiyo kwake ni mbaya kuliko kelele.

Kama yote haya hauamini, juu barua zangu zingine zilikuwa uongo, muulize Jérémie. Alikuwa kwa dirisha, najua, nilimuona kofia. Akikuambia ni yeye aliyeniinua kutoka chini, hapo pia umuamini. Na kama Jérémie hatoshi, muulize Orlane mulango uko upande gani. Atakuambia. Mi nilimusikia, na we unajua masikio yangu.

Uthmani